Mshale Uliosema Themanini

Barua ilirudi kwa mara ya pili saa tatu na robo asubuhi, na kwa mara ya pili ilikuwa na wino mwekundu.

Mpelelezi aliisoma akiwa amesimama koridoni, nje ya ofisi ya Mkuu wa Usafiri wa kituo cha afya. Mara ya kwanza alisahau kuandika namba ya chasisi ya gari la wagonjwa. Sasa namba ilikuwepo, lakini tarakimu mbili za mwisho zilikuwa 68 badala ya 86. Mtu alikuwa amezizungushia duara nadhifu na kuandika pembeni: Sahihisha.

"Yaani nanyimwa daftari la safari kwa ajili ya sita na nane?"

"Si mimi, dada yangu," alisema karani kwa sauti ya chini. "Ni bosi wangu, Kalamu Nyekundu. Mimi mwenyewe nilimpelekea kadi ya harusi ya mwanangu, akanirudishia. Nilikosea jina la ukumbi. Harusini alikuja, lakini kadi alirudisha."

Mpelelezi alikata 68, akaandika 86, akasaini pembeni, akaingia bila kubisha tena.

Mkuu wa Usafiri aliisoma barua kuanzia neno la kwanza kana kwamba hajawahi kuiona. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, kalamu tatu mfukoni, mbili za bluu na moja ile. Alipomaliza alitabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli.

"Sasa imekaa. Usinichukie, afande. Nikipokea karatasi yenye kosa, kesho kosa linakuwa langu." Alifungua kabati la chuma, akatoa daftari na bahasha. "Daftari la safari hilo. Na humu mna karatasi ya maelekezo ya ile geji ya joto. Chochote kinachofungwa kwenye gari langu, karatasi yake inakaa kwangu. Yule dereva anasomewa mashtaka lini?"

"Jalada linaondoka kwa mwendesha mashtaka leo saa kumi. Kesho anasomewa."

"Ni haki. Mama wa watu amefia barabarani."

Hilo halikuwa na ubishi. Siku tisa zilizopita, mama mmoja aliyehitaji upasuaji wa haraka alipakiwa kwenye gari hilo kupelekwa hospitali kuu. Katikati ya mlima injini ilichemka, ikazima, haikuwaka tena. Gari jingine lilichukua saa mbili kufika. Mama hakumaliza hata ya kwanza.

Dereva alikamatwa siku hiyohiyo. Shtaka lilikuwa limeshaandaliwa: kusababisha kifo kwa uzembe, kwa kuendelea kuendesha huku akiona gari linachemka. Utetezi wake wote ulikuwa sentensi moja, na aliirudia kwa kila aliyemuuliza. Mshale ulisema themanini.

*

Kwenye benchi la kituo cha polisi alikaa mke wa dereva, chombo cha chakula mapajani, kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekaa hapo siku zote tisa.

"Afande, naomba nikuulize kitu kimoja tu," alisema. "Unajua madereva wenzake wanamwitaje?"

"Polepole."

"Basi. Mtoto wetu wa pili nimemzaa kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu baba yake alisimama kupisha kila baiskeli. Nilipiga kelele, nikamng'ata bega. Akaniambia, mke wangu, tutafika. Leo mnaniambia huyu mtu alipandisha mlima na gari linachemka?"

Mpelelezi alilitia daftari kwapani. Aliingia ndani, akafungua daftari juu ya meza.

Mwandiko wa Polepole ulikuwa mkubwa na wa kukandamiza. Tarehe tano: Joto 105. Nimesimama hadi lipoe. Tarehe nane: Joto 105. Nimegeuza. Mgonjwa amekodiwa gari. Tarehe kumi na moja, Ijumaa: Joto 110. Nimegeuza. Gari lisitoke tena mpaka litengenezwe.

Chini yake, kwa wino mwekundu: Funguo nimezichukua. Na chini zaidi, Jumatatu: Limetengenezwa.

Kuanzia hapo safari tano zilifuatana, na zote ziliandikwa maneno yaleyale. Joto 80. Safari salama. Ya sita, ile ya mlimani, haikuandikwa.

Alipekua bahasha kutafuta karatasi ya gereji iliyotengeneza gari. Hakuna. Alipekua tena. Ofisi ambayo haikubali kadi ya harusi yenye kosa haikuwa na karatasi ya gereji.

"Umeona?" Mkuu wa Kituo cha Polisi alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Mtu kasimama mara tatu, mara ya nne kachoka kusimama. Huo ndio uzembe wenyewe, umeandikwa kwa mkono wake."

"Au mara ya nne hakuna kilichomwambia asimame."

"Mkaguzi wa magari kasema geji ni nzima."

Ripoti ya mkaguzi ilikuwa na mistari miwili. Geji imefungwa kwa mujibu wa karatasi ya maelekezo. Ufunguo ukiwashwa, mshale unasogea.

"Afande, kawasha ufunguo, mshale ukasogea, akaenda kula. Hicho ndicho kipimo?"

"Saa kumi, binti," alisema Mkuu wa Kituo. "Si saa kumi na dakika moja."

Polepole aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja ili asionekane mrefu.

"Geji nani kafunga?"

"Mama Waya. Ya kiwandani ilikufa siku nyingi, nikaomba ofisini mwaka mzima. Mwishowe nikanunua mwenyewe, nikampelekea siku yangu ya mapumziko. Mtu unabebaje wagonjwa na hujui injini ina joto gani?"

"Jumatatu uliporudishiwa funguo, gari lilikuwaje?"

"Zuri. Mshale unafika themanini, unatulia. Nikasema Mungu mkubwa, wamelitengeneza."

"Mlimani hukusikia kitu? Harufu?"

"Harufu ilikuwepo kidogo. Nikautazama mshale. Yule mama alikuwa analia huko nyuma, nesi ananiambia twende, nikautazama tena. Themanini. Niliuamini mshale, afande."

"Na kama unadanganya?"

"Kama nadanganya, mbona niliandika mia na tano?"

*

Yadi ya magari yaliyokamatwa ilikuwa nyuma ya stoo ya polisi, na mlinzi wake aliipenda kuliko ilivyostahili.

"Betri ya gari hilo imefunguliwa," alisema. "Gari likiingia humu, betri inafunguliwa. Kuifunga tena ni kwa fomu."

"Nipe fomu."

"Anayo mkuu wa stoo."

"Yuko wapi?"

"Likizo."

"Anarudi lini?"

"Alisema akipona."

Mpelelezi alihesabu moyoni hadi tano. Saa yake ilisema tano na dakika ishirini. Nyuma yake Mama Waya, fundi wa umeme wa magari, alishusha chini betri aliyokuja nayo kwenye toroli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ovaroli limetobolewatobolewa na matone ya risasi ya kulehemu.

"Kijana," alimwambia mlinzi, aliyekuwa na mvi, "fomu inasema betri ya gari. Hii ni betri ya kwangu. Ina fomu?"

Mlinzi alifikiri. "Hiyo haina."

"Basi fungua geti."

Kabla hawajafika kwenye gari, Mpelelezi alisimama. "Mama, mikono mfukoni. Utaniambia cha kufanya, nitafanya mimi. Wewe ndiye uliyefunga geji. Ukigusa waya hata moja, wakili yeyote atasema umetengeneza ushahidi."

"Wewe ushawahi kushika spana?"

"Nitajifunza leo."

"Maskini mimi," alisema Mama Waya, akatia mikono mfukoni.

Kazi ambayo fundi angeimaliza kwa dakika tano ilichukua dakika arobaini. Sensa ya joto, kile kipima joto kinachoipa geji habari, ilikuwa imekazwa ubavuni mwa injini, na spana iliteleza mara tatu, mara ya tatu ikachuna ngozi ya kidole cha Mpelelezi.

"Kushoto! Kushoto, mwanangu, unaikaza! Jamani, nitoe mkono mmoja tu..."

"Mfukoni!"

Hatimaye sensa ilitoka. Ilikuwa kitu kidogo cha shaba, kama kidole gumba, na waya yake ndefu, iliyoganda grisi hata rangi haionekani, ilipita kwenye tundu la mpira hadi chini ya dashibodi, kwenye geji. Kwa maelekezo ya Mama Waya, Mpelelezi alifunga waya ya ziada kutoka kwenye mwili wa sensa hadi kwenye bodi ya gari ili umeme upate pa kurudi, akaunganisha betri, akawasha ufunguo. Kilichobaki ni maji ya moto.

"Birika langu la chai?" alisema mlinzi wa yadi. "Mtie hicho chuma cha oili kwenye birika langu?"

"Nitakununulia jipya."

"Hili nimelizoea."

Alilileta hata hivyo, na waya wa kuongezea umeme, akaliweka kwenye bampa. Sensa ilizamishwa. Mlinzi alibaki kuangalia maji, Mpelelezi aliketi kwenye kiti cha dereva kuangalia mshale. Arobaini. Sitini. Sabini. Birika lilianza kuvuma, kisha kunguruma.

"Yanachemka!" mlinzi alipiga kelele. "Yanamwagika!"

Mshale ulifika themanini, ukatulia.

"Maji yanachemka kwa mia," alisema Mpelelezi.

"Haya yamechemka kwa themanini," alisema mlinzi. "Niliwaambia birika langu halina shida."

Mpelelezi alitoka garini haraka, akapiga simu kituoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa nyepesi. "Afande, geji inadanganya. Inapunguza digrii ishirini nzima. Polepole alisema kweli."

Upande wa pili Mkuu wa Kituo alikunywa chai, ikasikika.

"Geji kanunua nani?"

"Yeye."

"Aliomba ruhusa ya ofisi kuifunga?"

"Alipeleka karatasi tu."

"Kwa hiyo kabeba wagonjwa kwa geji mbovu aliyojinunulia. Binti, hujamfungua. Umemkaza zaidi." Simu ilikatwa.

Mpelelezi alibaki ameshika simu. Saa sita na nusu, kidole kinavuja damu, na ushahidi alioutoa kwa mkono wake ulikuwa umegeuka ukimtazama dereva. Mama Waya hakumtazama. Alikuwa ameinama mlangoni, mikono bado mfukoni, anachungulia chini ya dashibodi.

"Siku niliyoifunga niliijaribu hivihivi," alisema taratibu. "Kwenye maji ya chai. Ilisema mia. Geji haizeeki kwa miezi miwili. Hebu fungua hicho kifuniko."

Nyuma ya kifuniko nyaya nne ziliteremka kutoka kwenye geji zikiwa zimefungwa pamoja kwa uzi mnene wa kushonea viatu, kila baada ya upana wa vidole vinne. Kazi ilikuwa safi hata kwa macho ya asiyejua. Lakini katikati, kwa urefu wa kiganja, uzi haukuwepo. Palizungushwa teipu, nyingi, na yenye mikunjo.

"Hiyo si yangu," alisema Mama Waya.

Mpelelezi alipiga picha, akaivua teipu polepole. Waya nyeupe ilikuwa imekatwa na kuungwa tena kwa kusokotwa tu.

"Waya nyeupe ni ya sensa," alisema. Alikuwa na karatasi ya maelekezo mkononi. "Nyekundu ya swichi, nyeusi ya bodi, ya chungwa ya taa, nyeupe ya sensa. Imeungwa ovyo, ndiyo maana geji inakosea. Mama, una uhakika si mkono wako?"

Mama Waya alitoa mikono yote miwili mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Baba yangu alikuwa fundi viatu. Huu uzi ni wake. Alinifundisha kwamba pale watu wasipoona ndipo pa kushona vizuri. Mimi nisokote waya kama mkia wa panya? Tena karatasi yako inasema ya kwake, mimi nasema ya kwangu. Hiyo nyeupe si ya sensa."

"Karatasi inasema..."

"Tazama uzi juu ya hiyo nyeupe. Una mafundo mangapi?"

Mpelelezi alisogeza tochi. Juu kidogo ya mkato palikuwa na uzi umefungwa kwenye waya, mafundo madogo matatu. "Matatu."

"Matatu ni bodi. Moja ni swichi, mawili ni taa, manne ni sensa. Rangi siziamini. Waya ikikaa kwenye joto na oili mwaka mmoja, nyeupe na njano zinakuwa kitu kimoja. Fundo halipauki. Halafu nyeupe siku hiyo ilibaki kipande. Waya ya bodi ni fupi, inaishia hapo kwenye bolti. Ya sensa inakwenda hadi kwenye injini. Nyeusi ninayo roli nzima. Sasa nyeupe ndefu ningeitoa wapi?"

"Kwa hiyo ya sensa ni..."

"Nyeusi. Mafundo manne. Ifuate."

Aliifuata kwa kidole. Ndani kabisa ya teipu, nyuma ya ile nyeupe, nyeusi nayo ilikuwa imekatwa. Katikati ya mkato palikuwa na kidude kidogo kuliko punje ya mchele, chenye pete za rangi.

Mama Waya alisogeza uso karibu. "Rezista," alisema. "Sensa ikipata moto inaachia umeme mwingi, mshale unapanda. Hicho kinaubana njiani, na joto likizidi kinazidi kuubana, mshale haupiti themanini. Injini inapiga kelele, geji inasikia mnong'ono. Si bahati mbaya, mwanangu. Kuna mtu kaketi hapa, kakitia."

Mpelelezi alikaa kwenye ukingo wa mlango. Mikato miwili. Mmoja wenye rezista, na mmoja usio na kitu, kwenye waya ambayo haikuhusika.

"Ukitia hiki kwenye ya bodi, kinatokea nini?"

"Taa ya geji inafifia, mshale unachezacheza. Ungejua tu umekosea."

"Kwa hiyo alikata nyeupe kwanza. Akaona amekosea, akaunga, akahamia nyeusi. Wewe usingekosea."

"Mimi? Kwa mafundo yangu mwenyewe?"

"Na Polepole?"

"Kila mwenye gari namkaririsha mafundo kabla sijampa funguo. Ili akikwama porini asiguse visivyomhusu."

"Na bosi wake?"

"Huyo sijawahi hata kumwona."

*

Saa nane kasoro Polepole aliulizwa swali moja tu, bila kuambiwa sababu, Mkuu wa Kituo akiwa amesimama mlangoni.

"Waya ya sensa ni ipi?"

"Yenye mafundo manne," alijibu bila kufikiri. "Nyeusi. Mama Waya alininyima funguo mpaka nilipotaja zote. Ofisini hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa nini?"

Koridoni Mkuu wa Kituo alikuna shingo. "Sawa. Si dereva, si fundi. Mtu aliyefuata karatasi. Na gari lilikuwa kwa Kalamu Nyekundu tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Lakini atakwambia funguo zilikuwa mezani, mtu yeyote angezichukua. Utamjibu nini?"

"Sina cha kumjibu."

"Alama za vidole?"

"Teipu imejaa grisi, hakuna kitu. Nimeuliza."

"Basi una rezista na hadithi. Saa nane hii."

Mpelelezi aligeukia meza yake. Aliitazama barua yake ya asubuhi, ile iliyorudi mara mbili. Aliitazama muda mrefu. Halafu alivuta karatasi safi, akaanza kuchapa.

*

Kalamu Nyekundu alimpokea vizuri. Akasogeza kiti, akaondoa faili mezani.

"Nasumbua tena, mzee wangu," alisema Mpelelezi. "Jalada linaondoka saa kumi, na mimi kwa makosa unanijua. Hii ni taarifa ya kitaalamu ya gari, nimeiunganisha kutoka ripoti ya mkaguzi. Sitaki irudishwe kortini kwa ajili ya sita na nane. Nikaona nani ataisoma vizuri kama wewe?"

"Umefanya la maana," alisema yule bwana, akatoa kalamu.

Alisoma. Aliongeza mkato kwenye mstari wa pili. Tarehe ilikuwa imeandikwa bila mwaka, akaandika mwaka. Neno "chasisi" lilikuwa limekosa herufi, akairudisha mahali pake. Saa ya ukutani iligonga dakika moja baada ya nyingine. Mpelelezi alikuwa ameficha kidole chake kilichochunika chini ya meza, na kilikuwa kinapwita.

Mstari wa kumi ulisema: Geji ilifungwa kwa mujibu wa karatasi ya maelekezo, waya nyeusi ikiwa ya bodi na waya nyeupe ikiwa ya sensa.

Kalamu ilipita juu ya mstari huo, ikafika mwisho wake. Ikasimama. Ikarudi. Ikakata neno moja, halafu jingine, ikaandika juu yake kwa herufi safi.

"Mkaguzi wenu kakosea," alisema. "Kwenye gari hili zimepishana. Nyeupe ndiyo ya bodi, nyeusi ndiyo ya sensa."

"Una uhakika?"

"Afande, karatasi naisahihisha kwa uhakika."

"Karatasi ya maelekezo uliyonipa asubuhi inasema nyeupe ni ya sensa."

"Ndiyo, lakini fundi..." Alisita.

"Fundi kakwambia?"

"Sikumbuki nani kaniambia."

"Fundi hajawahi kukuona. Polepole yuko rumande, na anasema ofisini hakuna aliyewahi kumwuliza. Ukichungulia chini ya dashibodi utaona nyaya nne zinaingia kwenye teipu, basi. Huwezi kujua ipi inabeba nini kwa kutazama rangi. Mkaguzi alitazama, akaandika kama karatasi inavyosema. Mimi nilitazama, nikasema vilevile, nikagombana na mama wa watu." Alivuta ile taarifa upande wake, akaweka kiganja juu ya wino mbichi. "Yule aliyetia rezista naye aliamini karatasi. Akakata nyeupe. Haikufanya kazi. Akaunga, akakata nyeusi. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Ni watu watatu tu wanaojua, mzee wangu, na mmoja wao ndiye aliyejua kwa kukosea."

Nje karani alicheka na mtu. Kalamu Nyekundu aliirudisha kalamu mfukoni, ikakosa mfuko, ikaanguka. Hakuiokota.

"Niliandika makao makuu kwamba injini imetengenezwa," alisema. "Niliandika mapema. Vipuri niliambiwa vinakuja wiki hiyo. Havikuja. Ningeandikaje tena kwamba nilikosea?" Alifuta mdomo. "Na gari tunalo moja. Moja, afande. Kila akigeuza njiani, mgonjwa anarudi hapa. Wanakaa hapo kwenye veranda, wananitazama mimi. Nikasema digrii kumi na tano, ishirini, injini haifi kwa hizo. Nilitaka tu aache kugeuza."

"Aliacha," alisema Mpelelezi.

Alitarajia angesikia nafuu. Alichosikia ni uchovu, na hasira ambayo haikujua pa kukaa, kwa sababu kwenye veranda, alipokuwa akimtoa, kweli kulikuwa na watu, na kweli walikuwa wanatazama.

*

Jalada halikuondoka saa kumi. Mkuu wa Kituo aliisoma taarifa yenye wino mwekundu mara mbili, akasema, "Mwaka nao kausahihisha," akafungua droo na kutoa funguo za rumande.

Kwenye benchi mke wa Polepole alisimama na chombo chake, akakaa, akasimama tena. Mpelelezi alimwambia asubiri kidogo, dakika mbili, safari hii kweli mbili.

Polepole hakutoka mlango ulipofunguliwa. Alibaki ameketi.

"Ilisema themanini?" aliuliza.

"Ilisema themanini. Ilikuwa imefanywa iseme hivyo."

"Na injini yenyewe?"

Mpelelezi angeweza kumwambia hajui. "Mia na ishirini," alisema. "Pengine zaidi."

Dereva alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ya njia aliyokwisha kuipita: ule mlima, ile kona, ile sauti nyuma yake.

"Kwa mia na tano nilikuwa nasimama," alisema. "Kila mara nilisimama, afande."

"Najua," alisema Mpelelezi. "Umeandika."